Jokeri ifungwe kamba

Leo wacha niwaudhi wachezaji wenzangu. Msimamo wangu ni huu: katika kadi ya mashindano inayochezwa kwenye simu, jokeri ni lazima iwekewe mipaka. Sisemi iondolewe. Nasema ifungwe kamba. Na kabla hujanirushia kiatu nisikilize kwanza, maana wengi ninaobishana nao hapa Nakuru wanadhani nawatetea wachezaji dhaifu. Si hivyo kabisa.

Ubishi huu nimeingizwa na kazi. Kuna vijana wanne, wanafunzi wa kompyuta, wanaotengeneza kadi ya simu, na kila baada ya wiki mbili hivi huniletea kodi yao niikague. Mchezo wao ni wa watu wawili wawili, una pointi na msimamo kama wa ligi, na malalamiko yameanza kuingia. Lalamiko ni lilelile kila mara: mwenzako akigawiwa jokeri mwanzoni, wewe nenda ukapike chai.

Kwa wasomaji wa Dar, Mwanza au Muscat ambao hawaijui kadi yetu, nieleze kwa ufupi. Kila mchezaji anagawiwa karata nne (vijiwe vingine tatu). Karata moja inafunuliwa katikati, nawe unaweka juu yake karata ya aina ileile (kopa, uru, shupaza au pau) ama ya namba ileile. Huna? Unaokota moja. Wa kwanza kumaliza mkono ndiye mshindi, lakini sharti awe ametangaze mapema kwamba "niko kadi", yaani zamu yangu ijayo namaliza. Juu ya msingi huo kuna karata zenye kazi. Mbili humwokotesha anayefuata karata mbili, tatu humwokotesha tatu, na jokeri humwokotesha tano. Nane na kwini ni maswali: ukiweka swali unalijibu mwenyewe, ama uokote. Jeki huruka mtu, kingi hurudisha mchezo ulikotoka. Esi huzuia adhabu, na pasipo adhabu hukuruhusu kuagiza aina unayoitaka.

Kanuni hizi hubadilika ukivuka barabara. Wanavyocheza Kaptembwa si lazima wacheze hivyo Section 58, na mwanafunzi akitoka Molo kwenda chuo Njoro hufika na kanuni za kwao mfukoni kama kitambulisho. Ndiyo maana kabla ya karata kugawiwa utasikia swali: "Jokeri iko ama haiko?" Kumbuka swali hilo, nitalirudia.

Sasa tazama jambo ambalo tumelicheza tangu shuleni bila kulipa jina. Katika kadi huruhusiwi kumaliza kwa karata yenye kazi. Jokeri haimalizi. Esi haimalizi, wala mbili, tatu, nane, jeki, kwini au kingi. Ni lazima umalize kwa karata ya kawaida: nne, tano, sita, saba, tisa au kumi. Katika vijiwe vingi hata karata ya kuanzia ikifunuliwa ikiwa na kazi, hufunuliwa nyingine.

Fanya hesabu uone sheria hiyo ilivyo nzito. Pakiti yenye jokeri mbili ina karata 54. Karata za kawaida ni namba sita mara aina nne, yaani 24. Zenye kazi ni 30. Zaidi ya nusu ya pakiti haina ruhusa ya kukumalizia mchezo! Ukigawiwa karata nne, uwezekano wa kupata zote nne zenye kazi ni karibu asilimia 8.7, sawa na mkono mmoja katika kila 11 au 12. Mkono huo unaonekana wa kifalme. Una esi, una jokeri, una mbili, una kwini, na huwezi kushinda nao mpaka uokote kitu cha kawaida. Nguvu imekuwa deni.

Huo ndio udhibiti wa karata kali, na hakuna kampuni iliyoutunga. Watu waliocheza usiku kucha bwenini na mchana kutwa kwenye stendi ya bodaboda waligundua kwamba bila sheria ile mchezo ungekuwa wa kuhesabu tu nani kapewa makali mengi. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kuwekea karata mipaka ni mambo ya wazungu wa intaneti, huyo amekuwa akicheza kwa mipaka maisha yake yote.

Je, karata "kali mno" ni ipi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanatazama nani anashinda. Lakini katika kila mchezo mtu anashinda, na anashinda kwa karata fulani, kwa hiyo ushindi peke yake hauthibitishi kitu. Mimi natazama jambo jingine: karata ikishawekwa mezani, mpinzani amebaki na uamuzi gani?

Chukua mbili. Kwa kanuni wanazotumia vijana wangu, mbili hujibiwa kwa mbili nyingine yoyote (ziko tatu), kwa tatu ya aina ileile (moja), kwa esi (nne) au kwa jokeri (mbili). Jumla majibu kumi katika karata 53 zilizobaki. Mpinzani mwenye karata nne atakosa jibu kama mara 42 katika kila 100, na akikosa anaokota mbili tu. Inauma lakini unapona. Jokeri je? Inajibiwa kwa esi nne na jokeri ya pili, majibu matano basi. Mpinzani mwenye karata nne atakosa jibu mara 66 katika kila 100, yaani theluthi mbili. Akikosa, mkono wake unatoka nne unakuwa tisa. Katika mchezo wa watu wawili, wakati wewe umebaki na tatu, hiyo tisa ni kaburi.

Na uwezekano wa kugawiwa angalau jokeri moja katika karata zako nne za mwanzo ni asilimia 14.4, kama mchezo mmoja katika kila saba. Kwa hiyo ukicheza mechi saba jioni, tarajia moja ambayo wewe umeanza na jokeri na nyingine ambayo mwenzako ameanza nayo. Mechi hizo hazichezwi sana, zinatangazwa tu.

Utaniuliza: mbona mezani tumeivumilia jokeri miaka yote? Jibu ni kwamba meza ina kinga zake. Kwanza, mezani mko wanne au watano, na anayeokoteshwa tano leo zamu inayofuata atasaidiwa na mwingine anayetaka kumzuia kiongozi. Pili, kuna aibu. Ukimpiga mtu jokeri karata ya kwanza utasemwa hadi magharibi. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna lile swali: jokeri iko ama haiko? Meza inajitungia sheria kabla ya kuanza. Wazee wa kijiwe ndio kamati.

Kwenye simu hayo yote hayapo. Umeunganishwa na mtu usiyemjua, yuko Gilgil au yuko Doha, huwezi kujadiliana naye wala kumtania. Seva ndiyo mzee wa kijiwe. Isipoamua, imeamua tayari. Tena ujanja husambaa haraka: njia ya kushinda ambayo mezani ingechukua mwaka kuenea kutoka Bondeni hadi Free Area, kwenye simu inaenea kwa picha moja ya skrini ndani ya kundi la WhatsApp.

Wenzetu wa nje walipitia haya kabla yetu, na kumbukumbu zao ni nzuri kusoma. Magic: The Gathering, mchezo wa karata wa Richard Garfield uliotoka Marekani mwaka 1993, hauna pakiti ya pamoja. Kila mchezaji hujipangia seti yake. Mwanzoni hapakuwa na kikomo cha nakala, kwa hiyo mwenye pesa aliweza kujaza karata moja kali, tuseme Black Lotus, mara nyingi alivyotaka. Mapema mwaka 1994 wakatoa orodha ya kwanza rasmi ya karata zilizozuiwa na zilizowekewa kikomo cha nakala moja. Kikomo hicho kinafanya nini? Hesabu tena: katika seti ya karata 60, ukiwa na nakala nne za karata, utaianza nayo mkononi (karata saba za kwanza) karibu mara 40 katika 100. Ukiwa na nakala moja, ni mara 12 hivi. Karata haijabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kwamba huwezi tena kujenga maisha yako juu yake.

Miaka kumi baadaye walijikwaa tena. Februari 2004 walitoa karata iitwayo Skullclamp, kifaa cha bei ndogo kilichomruhusu mwenye viumbe vidogo kuvitoa mhanga na kuvuta karata mbili kila kimoja kinapokufa. Badiliko dogo la mwishomwisho katika namba zake ndilo lililoifanya hivyo. (Watengeneza programu wenzangu, mnalijua badiliko la Ijumaa jioni.) Kufikia Juni mwaka huohuo ilikuwa imepigwa marufuku katika mashindano ya kawaida, kwa sababu seti ilikuwa ama ina Skullclamp nne ama imeundwa kuzipiga zile zenye Skullclamp. Soma tena sentensi hiyo. Hapo ndipo karata inapovuka mpaka: wachezaji wote wanapokuwa wanajibu swali moja. Oktoba 2019 ikatoka Oko, iliyoweza kumgeuza kiumbe yeyote wa mpinzani kuwa paa asiye na uwezo, ikafungiwa Novemba, wiki sita tu. Wakati huo watu walikuwa wanacheza kwa wingi kwenye kompyuta kupitia Arena, na kasi ile ni sehemu ya sababu.

Lakini kompyuta ilileta kishawishi kipya, na hapa naomba tukae kidogo. Karata ya karatasi huwezi kuibadilisha baada ya kuiuza. Iko droo ya mtu. Unaweza kuizuia mashindanoni tu, na hiyo ni aibu ya wazi, yenye tarehe na tangazo. Karata ya kidijitali iko kwenye seva yako. Unaandika mstari mmoja, unapakia, na usiku mmoja karata ya watu wote imekuwa kitu kingine.

Hearthstone, iliyotoka 2014, ilifanya hivyo Oktoba 2015 kwa karata ya Warsong Commander. Ilikuwa inawapa viumbe wadogo ruhusa ya kushambulia palepale wanapotua. Wachezaji mahiri waliiunganisha na karata nyingine, Grim Patron, wakajenga seti ngumu kucheza na ngumu zaidi kuikabili. Walipoirekebisha, ile ruhusa ikaondolewa, ikabaki kuongeza nguvu moja kwa viumbe ambao tayari walikuwa na ruhusa. Seti nzima ilikufa siku hiyo. Angalau walikuwa na utaratibu wa kumrudishia mchezaji thamani kamili ya karata iliyopunguzwa, kwa muda maalumu. Arena nayo, ilipoanzisha karata za kubadilishwa mwishoni mwa 2021, ililalamikiwa sana kwa sababu aliyetumia akiba yake kupata karata ikapunguzwa hakufidiwa kama anavyofidiwa karata inapopigwa marufuku.

Mnaona tofauti? Kuweka mipaka ni jambo moja. Kubadilisha kitu cha mtu kimyakimya ni jambo jingine, hata kama matokeo mezani yanafanana.

Sisi wa huku tuna mfano mzuri karibu. Tangu 2021 magari ya Ubingwa wa Dunia wa Mbio za Magari yamekuwa yakirudi Naivasha kwa Safari Rally. Injini zile hazikuachiwa zinguruke zinavyotaka. Katika njia ya hewa kuna pete yenye tundu la kipenyo kinachojulikana, milimita 36 kuanzia 2017 hadi 2024, na hewa yote ya injini hupita hapo. Fundi anaijua namba, mpinzani anaijua namba, mkaguzi ana kipimo. Mwaka 1995 timu ya Toyota ilinaswa na pete iliyochezewa ili ipitishe hewa ya ziada, ikafungiwa miezi 12. Hakuna aliyesema pete imeua mbio. Watu bado wanapanga mstari Soysambu kula vumbi.

Sasa turudi kwa jokeri. Mmoja wa wale vijana alipendekeza ishushwe kutoka tano hadi tatu. Nilikataa. Jokeri ya tatu si jokeri, ni tatu iliyovaa kofia, na kila mtu aliyekua na kadi atahisi kadanganywa. Mwingine alitaka kuondoa moja kati ya mbili. Hiyo ni njia ya 1994, ni halali, na inashusha uwezekano wa kuanza nayo kutoka asilimia 14.4 hadi karibu 7.5. Tatizo ni kwamba mwenye bahati mbaya bado anazikwa vilevile, mara chache tu zaidi. Tena jibu moja kati ya matano linapotea, kwa hiyo jokeri iliyobaki ni ngumu zaidi kuizuia.

Pendekezo langu ni kufuata akili ya kadi yenyewe. Kadi haipunguzi nguvu ya karata, inaipangia wakati. Esi ni esi, ila si mwisho wa mchezo. Basi jokeri nayo iwe jokeri kamili, tano zake zote, ila isipigwe mpaka kila mchezaji awe amecheza zamu tatu. Kwa nini tatu? Kwa sababu kufikia hapo umeokota au umepunguza, umepata nafasi ya kutafuta esi, na umefanya uamuzi wako mwenyewe mara tatu. Wakati mtamu wa jokeri hatuugusi: mtu ametangaza niko kadi, anatabasamu, nawe unamwekea tano. Huo ndio mchezo. Jokeri ya zamu ya kwanza ni bahati nasibu.

Kuna wanaosema karata ni bahati, tuache bahati ifanye kazi yake. Bahati iko bado, pakiti inachanganywa. Lakini ukiweka msimamo wa pointi na kuuita mashindano, umewaahidi watu kwamba mwenye akili atapanda polepole. Mtu anatumia bando lake la data kwa ahadi hiyo.

Kwa watengenezaji, mambo mawili ya kiufundi. Kanuni zisiandikwe ndani ya kodi, ziwekwe kama data yenye namba ya toleo, na mechi iliyoanza kwa toleo la saba imalizike kwa toleo la saba hata kama la nane limepakiwa dakika mbili zilizopita. Kumbadilishia mtu sheria katikati ya mkono ni wizi. La pili ni kipimo. Usilinganishe walioshinda wakiwa wameokota jokeri wakati wowote na wale ambao hawakuiona kabisa. Mechi ndefu huokotwa karata nyingi, kwa hiyo jokeri huonekana zaidi katika mechi ndefu, na utajikuta unapima urefu wa mechi ukidhani unapima jokeri. Linganisha mikono minne ya mwanzo tu: walioanza nayo dhidi ya walioanza bila.

Jambo la pesa nimeliacha nyuma kwa makusudi, ndilo tulilogombana kweli. Vijana walikuwa na wazo la kuuza, kwa shilingi chache za M-Pesa, nafasi ya kuanza mechi na karata moja yenye kazi. Naelewa. Seva hailipwi kwa makofi. Lakini ukishauza nguvu umejifunga mikono. Siku karata hiyo itakapoharibu mchezo utakuwa na njia mbili: uiache ilivyo, uwafukuze wasiolipa, ama uipunguze, uwe umemchukulia mtu kitu alichokinunua. Mtoto wa Lanet aliyeomba shilingi hamsini kwa dadake hatasoma maelezo yako marefu kuhusu uwiano wa mchezo. Uza picha za mgongo wa karata. Uza meza yenye rangi za Ziwa Nakuru, weka na heroe, mimi nitanunua. Nguvu usiiuze.

Hilo la kuuza wameliacha. Toleo wanalolijaribu sasa lina jokeri zote mbili, tano zake kamili, zikiwa zimefungwa zamu tatu za mwanzo, na tangazo la kanuni liko ukurasa wa kwanza likiwa na tarehe. Mmoja wao bado anapinga kila tukikutana. Ndiye anayeongoza msimamo.